Nilivyosafisha bluu ya spirulina kwa mbolea ya SA, Mbeya

Ushauri unaonikera kuliko wote ni ule wa "chemsha kidogo, rangi itoke". Fikosianini, ile bluu ya spirulina (vijimea vidogo vya majini), ni protini. Joto likipita nyuzi 45 hivi inaanza kukunjuka, bluu inafifia na kuwa kijivu, wala hairudi. Siki nayo ni hivyo hivyo: pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 4, protini inaganda. Kazi nzima naifanyia kwenye baridi, na kwa hilo Juni na Julai za Mbeya ni msaada mkubwa.

Unga nachukua uliokaushwa kivulini. Wa juani umeshapoteza bluu kabla haujakufikia. Gramu 10 naziloweka kwenye mililita 250 za bafa ya fosfeti (maji yanayozuia pH isibadilike), moli 0.1 kwa lita, pH 7. Chupa naizungushia foili, inalala kwenye friza, kisha inayeyukia kwenye friji, si mezani. Mara tatu au nne zinatosha, kwa sababu barafu ndiyo inayopasua seli. Blenda iache: povu lake linaharibu protini, na vipande vya utando vinavyosagika humo vinaleta ukijani unaosumbua hadi mwisho.

Sasa chumvi. Amonia salfeti ya maabara ni ghali na kuipata huku ni shida, lakini SA iko kila duka la pembejeo, na ni kemikali ile ile, ila ina vumbi na uchafu. Badala ya kuipima kwa gramu, natengeneza maji yaliyoshiba: gramu 800 kwenye lita moja ya maji ya moto, nakoroga, nachuja kwa pamba na karatasi ya chujio yangali moto, naacha yapoe kwenye friji. Fuwele zikibaki chini ya chupa, ujue yameshiba. Yana tindikali kidogo, kwa hiyo naongeza matone ya amonia hadi karatasi ya pH isome 7. Uzuri wa njia hii ni kwamba hesabu inakuwa ya ujazo tu. Sehemu tatu za maji ya bluu kwa sehemu moja ya maji yaliyoshiba ni asilimia 25 ya kushiba. Hapo ukijani na takataka nyingine zinaganda, bluu inabaki juu. Nazungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi hadi tope likae chini, kisha tope natupa. Maji yaliyobaki nayaongezea nusu ya ujazo wake, tunafika asilimia 50, na sasa bluu yenyewe inashuka.

Tia tone kwa tone huku unakoroga polepole. Ukimimina kwa pupa, pale chumvi inapoangukia kila kitu kinaganda pamoja, na hatua ya kwanza inakuwa ya bure. Maji ya chumvi ni mazito, tope halizami upesi. Liache usiku kucha kwenye friji ndipo uzungushe. Maji ya juu yakibaki na bluu, ongeza chumvi kidogo kidogo.

Tope la bluu naliyeyusha kwa bafa kidogo, naliweka kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha chumvi na kubakiza protini (wa kilodaltoni 12 hadi 14, kipimo cha ukubwa wa molekuli), nabadilisha bafa ya nje hadi chumvi iishe. Kipimo cha haraka ni tochi gizani: bluu iliyo hai inang'aa wekundu ukiitazama kwa ubavu. Kipimo cha kweli ni spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa. Gawanya usomaji wa nanomita 620 kwa ule wa 280: 0.7 ni kiwango cha chakula, 4 ni cha uchambuzi. Chumvi peke yake hainifikishi 4; huko unahitaji safu ya DEAE, yaani bomba la chembe zinazotenganisha protini kwa chaji zao. Wingi natumia fomula ya Bennett na Bogorad ya 1973: usomaji wa 615, toa 0.474 mara ule wa 652, gawanya kwa 5.34, unapata miligramu kwa mililita.

Bluu hii ya mbolea si ya kula, hata ikisoma 0.7: namba hiyo haioni uchafu wa SA. Ya akiba usiifanyie dayalisisi. Iache kama tope ndani ya chumvi yake, kwenye friji, imefungwa foili, inadumu kuliko ikiwa maji.