Siku moja maishani mwangu: bakuli lililotafutwa kwa muda wa saa tatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa tayari nimo ndani ya feri ya Likoni, mkobani nina penseli, glavu na brashi za manyoya laini. Jirani yangu huniuliza kama bado ninapangusa vumbi la vitu vya kale. Kazi yangu ni kuwafundisha wafanyakazi wa makumbusho kuvitunza vitu ambavyo vikiharibika havina badala.

Saa moja na nusu ninafungua ghala la mafunzo, ninasoma kipimo cha unyevu, ninakagua mitego ya wadudu na kuandika yote daftarini.

Saa tatu wanafika wanafunzi sita kutoka makumbusho za pwani. Mafunzo haya tunayaendesha pamoja na wakufunzi wa ng'ambo, ambao hukaa nasi wiki mbili, kisha mwaka uliobaki tunashauriana kwa intaneti. Huanza na habari za Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wataalamu wa Institute of Nautical Archaeology waliichimbua kati ya 1977 na 1980, kwa hiyo ushirikiano wa namna hii si mgeni Mombasa. Chungu kilichokaa baharini hunywa chumvi, na kikikaushwa kwa pupa chumvi hiyo huganda kuwa chembe ndani yake na kuubambua uso wake. Kwa hiyo hulowekwa katika maji baridi yasiyo na chumvi, yanayobadilishwa tena na tena, mpaka chumvi ipungue.

Saa tano tulianza zoezi la RE-ORG, utaratibu wa kupanga maghala uliotayarishwa na ICCROM, shirika la uhifadhi lenye makao yake Roma, pamoja na UNESCO. Sharti lake mojawapo ni kwamba kitu chochote kipatikane kwa dakika tatu, bila kusogeza zaidi ya vitu viwili vingine. Nilichagua bakuli moja katika rejista, nikawasha saa.

Dakika tatu zikapita. Rafu iliyoandikwa haikuwa na bakuli. Tukafungua sanduku la kwanza, la pili, la saba, kila kipande kikishikwa kwa mikono miwili juu ya meza iliyotandikwa sponji, kwa kuwa haraka ndiyo huvunja vitu. Adhuhuri ikaingia, waliotaka kuswali wakaenda na kurudi, feni ikazimika kwa kukatika umeme, na jasho likawa linatudondoka hata tukalazimika kubadilisha glavu kila mara. Kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tuandike kuwa limepotea." Nilimwelewa, maana mgongo wangu pia ulikuwa unauma, lakini neno hilo likishaingia rejistani hakuna atakayelitafuta tena. Mwenzake kutoka Lamu ndiye aliyelipata, chini ya mikeka ya ukili katika pembe ya mwisho, namba yake imefutika nusu kwa sababu iliandikwa moja kwa moja juu ya udongo.

Sikumbuki tulikula chakula saa ngapi. Ninachokumbuka ni yule dada wa Lamu akipaka utando mwembamba wa Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu, akisubiri ukauke, akiandika namba kwa wino, kisha akipaka utando wa pili juu yake, ili namba isifutike na siku ikihitajika iweze kuondolewa bila kulidhuru bakuli.

Jioni mkufunzi mwenzetu aliuliza kwa simu kwa nini hatutumii kiyoyozi usiku. Nikamweleza kwamba mashine inayozimika kila umeme ukikatika huufanya unyevu upande na kushuka, na mbao zikivimba na kusinyaa kila siku hupasuka. Heri unyevu wetu mwingi uliotulia, pamoja na madirisha yanayofunguliwa kwa wakati wake. Akaniomba nimtumie vipimo vyetu vya mwezi mzima, nikafurahi sana.

Giza lilikuwa limeshaingia dada yule alipojaza kadi ya mahali kwa penseli: rafu ya nne, sanduku la pili. Nikatia sahihi kando ya jina lake, nikafunga kufuli.