Maji Yalikuwa Chini ya Kapeti

Mama yangu ana pumu, na ndiye aliyeinusa mwanzo harufu ya gari yangu. Tulikuwa tunatoka Fuoni kwenda mjini Unguja, katikati ya masika, vioo vyote tumefunga kwa mvua. Hatujafika Mwanakwerekwe akajiziba pua kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, gari yako inanuka nguo zilizovundia karoni."

Akaanza kukohoa. Nikateremsha vioo, tukaenda hivyo hivyo na mvua yetu mpaka Darajani. Mie nilikuwa nishaizoea harufu ile, na kukohoa kwake siku ile kuliniuma sana.

Kwanza nilifanya wanavyofanya wengi: nikatundika manukato kwenye kioo cha ndani, kisha nikafukiza udi. Udi naupenda, lakini kazi yake ni kwenye kitu kilichokauka. Siku ya pili uvundo ulirudi. Uvundo ule ni kuvu, na kuvu haioti pakavu, basi nikaanza kuyatafuta maji yenyewe.

Kapeti ya miguuni kwa abiria ukiipapasa ni kavu kabisa. Nikachukua gazeti la zamani la Zanzibar Leo, nikalikunja mara nne, nikaliweka pale na kulikandamiza kwa kisigino. Nilipoliokota lilikuwa na alama ya kisigino, imelowa, rangi ya chai ya mkandaa. Chini ya kapeti kuna sponji nene, na yote ilikuwa imejaa maji.

Maji ya pale yana njia chache za kuingilia. AC huyatoa maji kwenye hewa na kuyamwaga chini ya gari kwa kipaipu kidogo. Kikiziba, yanarudi ndani. Nikaiwasha dakika 20 gari imesimama, nikachungulia uvunguni: kidimbwi, tone baada ya tone. Huko salama. Maji ya rejeta nayo yakivuja ndani utayajua, maana yana harufu tamutamu na yanateleza vidoleni. Yangu hayakuteleza. Ikabaki mvua.

Jumapili ilipopumzika kunyesha nikamwita mtoto wa kaka yangu, nikamlaza chali miguuni mwa abiria na tochi ya simu. Mie nje na ndoo na kopo. Unaanza chini unapanda juu, kwa sababu ukianza juu maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mlango, kopo tatu.

"Bado, shangazi."

Kona ya kioo cha mbele.

"Bado."

Nikamimina kwenye ile plastiki yenye matundu chini ya waipa. Kopo la pili tu akapiga kelele: "Shangazi, yanashuka! Yanatoka huku kwenye feni!"

Gari yangu naiegesha chini ya mwarobaini. Vijani vyake ni vyembamba, vinapenya kwenye matundu yale bila ya kuviona. Tulipong'oa waipa na plastiki tukakuta udongo mweusi, laini kama mbolea, na mche wa mwarobaini umeshaota ndani yake, una majani manne. Tundu la pembeni la kutolea maji halikuonekana kabisa. Mvua ikinyesha, maji yanajaa pale kama beseni, yakizidi yanamwagikia kwenye njia ya hewa ya feni. Nililichokonoa tundu kwa chelewa mpaka maji yakaporomoka nyuma ya tairi la mbele kwa kishindo.

Kukausha ndiko kulikotuchosha. Tulitoa waya wa betri kwanza, kwa sababu chini ya kiti kuna plagi, na za manjano ni za eabegi, ile mifuko inayofura gari ikigonga, hizo hazichezewi. Kisha boliti nne kwa spana namba 14, kiti kikatoka. Kapeti na sponji yake zilikaa ukutani siku tatu, tukizikimbilia kila wingu likitanda. Bati la chini lilikuwa limeanza kutu kwenye maungio, nikalipiga msasa na rangi. Filta ya hewa iliyo nyuma ya droo ya deshibodi ilikuwa na madoa meusi. Hiyo haina kufuliwa, nilinunua mpya.

Kiti cha nyuma nacho kilikuwa na lake. Idi niliwapeleka watoto kuogelea, wakarudi wamekikalia na nguo za maji ya bahari. Mchana kinakauka, usiku kinanata. Chumvi inavuta unyevu hewani, kama chumvi ya jikoni inavyolowa masika ndani ya mkebe wake, kwa hiyo kukianika peke yake hakusaidii. Nilikisugua kwa maji ya mfereji na kuyafyonza kwa taulo, nikarudia mara tatu, ndipo nikakitoa juani.

Sasa nikikaribia nyumbani naizima AC na kuiacha feni ikipuliza dakika chache, ile sehemu ya baridi ndani ya deshibodi ipate kukauka. Kila Ijumaa nafagia majani chini ya waipa. Kuhamisha maegesho siwezi, kivuli ni kile kimoja.

Kabla ya kurudisha kiti nililaza gazeti jingine chini ya kapeti. Juzi mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kumfungulia mama mlango, nililivuta: kavu, herufi zote zinasomeka.