Uwakabidhi Watu Waaminifu

Neno la juma: 2 Timotheo 2:1-7

"Na mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." (2 Timotheo 2:2)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili tunawaombea wamisionari wanaowafunza walimu wa chekechea katika vijiji vya Masasi, Newala na Nachingwea. Kazi hii wengi wetu tunaisikia kwenye matangazo tu, na mtu akiombea asichokijua huishia kusema "wabariki". Basi tuitazame kwa karibu, tukiwa na Paulo mkononi. Yeye alikuwa kifungoni alipoandika haya, na hapa hakumwomba Timotheo aongeze bidii ya kufundisha. Alimtaka atafute watakaofundisha asipokuwepo.

Chekechea huanza saa mbili asubuhi, na kabla ya saa sita watoto wameshatawanyika. Muda wote huo mkufunzi anakaa mkekani nyuma ya darasa, daftari mapajani, akitazama. Kazi yake na walimu ni ya alasiri. Ijumaa hupangwa kwa uangalifu, kwa kuwa vijiji vingi vya kwetu vina Waislamu wengi, na watoto wale wale walioimba nasi asubuhi jioni wako madrasa. Mwalimu akilijua hilo na kuliheshimu, mzazi humleta mtoto bila wasiwasi.

Kukaa kimya pale mkekani ndiko kugumu. Mwalimu ameshika kadi ya herufi kichwa chini, watoto wameanza kusukumana, na mgeni mikono inamwasha. Akisimama akachukua chaki, somo litanyooka, lakini kesho yake watoto watamwangalia mgeni wakisubiri ruhusa, na mwalimu wao atakuwa amegeuka msaidizi katika darasa lake mwenyewe. Utaratibu unaofaa ni huu: somo la kwanza mkufunzi anafundisha walimu wakitazama, la pili wanafundisha pamoja, la tatu mwalimu yuko peke yake. Marekebisho yanatolewa watoto wakishaondoka, pembeni, na liwe jambo moja tu kwa juma. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi, "Hata bado nikali ninayo mengi ya kuwaambia, lakini hamwezi kuyastahimili hivi sasa" (Yohana 16:12). Mkufunzi anayemrundikia mwalimu makosa tisa kwa siku moja hajasaidia kitu. Mwalimu ataenda nyumbani na aibu, na kesho atarudia yote tisa.

Chukueni hesabu. Mtoto anaimba moja mpaka ishirini bila kukosea, na mwalimu anaandika kwenye daftari kwamba anajua kuhesabu. Mwambie mtoto huyo alete vizibo vinne. Atachota kiganja kizima na kukimwaga mezani. Ameshika wimbo, hesabu bado. Dawa yake ni kubaki kwenye moja hadi tano kwa majuma kadhaa: mwalimu anachora kwa mkaa duara tano juu ya kipande cha boksi, mtoto anaweka kizibo kimoja katika kila duara huku akitaja namba, kisha anaulizwa, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya tangu mwanzo, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jibu. Asiharakishwe.

Herufi nazo zina mtego wao. Mwalimu akiitamka m kama "ma", mtoto akikutana na "mi" atasoma "mai", na atakuwa sahihi kwa jinsi alivyofundishwa. Afundishwe sauti ya midomo iliyofungwa, mmm, kisha aiunganishe na irabu. Na mtoto anayejibu kwa Kimakonde au Kiyao asikatishwe. Mwalimu apokee jibu, alirudishe kwa Kiswahili, somo liendelee.

Alasiri ni saa ya kutengeneza zana, na hapa ndipo ukabidhi wa kweli unapopimwa. Midoli mizuri iletwayo kutoka ng'ambo mara nyingi hufungiwa stoo isiharibike, kwa sababu kila mtu anajua kikivunjika hakuna kingine. Kadi iliyokatwa kwenye boksi haiogopwi. Gundi yake inapikwa: vijiko vinne vya chakula vya unga wa muhogo vikorogwe kwanza katika nusu kikombe cha maji baridi, kisha vimiminwe polepole kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, huku ukikoroga, mpaka uji ule ung'ae. Ukimwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye maji ya moto utapata madonge. Pika ya kutosha siku moja au mbili tu, maana inachacha upesi, na kadi zitundikwe juu kwenye kamba, kwani mende na panya wanaipenda gundi hiyo kuliko watoto wanavyozipenda kadi.

Kwa vihesabio, mwalimu mpya huwaza korosho, maana ziko kila kona. Hapana. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza, na mtoto akilitafuna midomo inababuka. Maharage na mbaazi nazo huishia puani, zikalowa zikavimba, na safari ya zahanati ikaanza. Wa miaka mitatu wapewe magunzi na vifuu, vitu visivyomezeka. Vizibo ni vya wale wa miaka mitano, na vihesabiwe tena wakati wa kuvirudisha.

Watu wa kusini tunayo historia ya ukabidhi huu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, Mwingereza wa misheni ya Kianglikana, alitoka pwani na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi Masasi. Miongoni mwa waliolelewa katika misheni hiyo alikuwa Cecil Majaliwa, mtumwa wa zamani aliyesomeshwa Zanzibar, akapewa upadre mwaka 1890 na kuwachunga watu wa Chitangali. Wazungu wa misheni waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa homa. Kazi ilibaki kwa waliokabidhiwa.

Sasa mstari wa sita, ambao huwa tunaupita haraka: "Yampasa mkulima mwenye taabu ya kazi kuwa wa kwanza wa kupata fungu la matunda." Mwalimu wa chekechea ya kijijini ni mkulima kweli, na posho yake inatoka kwenye ada za wazazi. Katika hali ilivyo, yeye ndiye wa mwisho kupata. Mvua zikianza, asipolipwa anakwenda shambani, darasa linafungwa, na mafunzo yote ya mwaka yanalala. Wa kulaumiwa hapo si mwalimu. Ni sisi, tunaodai ada Januari, wakati fedha za korosho zimeshakwisha na maghala ya nyumbani yako chini. Fedha huonekana kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa na malipo kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yanapoingia. Ada ya mwaka unaofuata ipokelewe wakati huo, na fungu la mwalimu litengwe kabla ya chaki na kabla ya rangi ya ukuta.

Uji wa watoto nao upangwe vivyo hivyo, mapema. Watoto 25 wanatosheka na kilo moja ya unga katika lita nane za maji. Siku ishirini za masomo ni kilo ishirini, yaani debe moja hivi kwa mwezi. Miezi minne ya mvua, Januari hadi Aprili, ni kilo themanini, na zikigawanywa kwa wazazi 25 kila mmoja anadaiwa kilo tatu na ushee. Waombeni kilo nne za mahindi makavu, ile ziada ifidie kinachopotea mashineni na kwa wadudu. Karanga zikiongezwa zichambuliwe moja moja, zenye ukungu zitupwe, kwa kuhofia sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo.

Katika sala za juma hili tuwataje wakufunzi, ili wapewe subira ya kukaa mkekani, na walimu, ili wasikate tamaa katikati ya masika. Vikundi vya kina mama na wazee wa kanisa wakae na wazazi wa vijijini mwao, Waislamu kwa Wakristo, wapange ukusanyaji wa mahindi kabla minada haijaisha. Gunia likae kwa mzazi atakayechaguliwa na wazazi wenyewe, si kwa mmisionari wala kwa mwalimu, na kipimo cha kila siku kiandikwe kwenye daftari litakalosomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.