Nuni ya Sura ya Rahmani ilivyonifanya nijue mblen

Huwa nasaidia chuoni kwetu hapa Wete baada ya laasiri, na mwaka huu maalim akaniomba nimtengenezee programu ya kuweka jina la kila mtoto na sura aliyofikia kuhifadhi, maana daftari limeshachanika. Nikaandika kwa C, lugha ya kuandikia programu. Kila safu nikaipa baiti 20, nikaprinti, nikampelekea.

Maalim kavaa miwani, kidole kikawa kinashuka na karatasi taratibu, kikasimama. "Mwanangu, hii Rahmani mbona haina nuni?" Natazama, kweli, imetoka سورة الرحم halafu kialama cha swali. Iliniuma, jina la sura si la kutoka limekatika.

Usiku nikakaa kuhesabu. Kwenye UTF-8, yaani mfumo wa kuziweka herufi kwenye kompyuta kwa baiti, herufi ya Kilatini isiyo na alama ni baiti 1, lakini hizi za Kiarabu kila moja ni baiti 2. سورة herufi 4, baiti 8, nafasi 1, الرحمن herufi 6, baiti 12, jumla 21 na mimi nakata kwenye 20! Nuni ni baiti mbili, D9 na 86, ikabaki D9 peke yake, nusu herufi, hakuna kompyuta itakayoisoma. Na strlen, ile ya C ya kupima urefu wa maandishi, haina kosa, yenyewe kazi yake kuhesabu baiti tu.

Dawa ni mblen, amri ya C iliyomo kwenye stdlib.h, unaielekeza mwanzo wa herufi inakwambia herufi hiyo ina baiti ngapi. Najaribu, -1, yaani haikuitambua herufi. Tena, -1. Siku mbili zilikwenda hapo, nikaanza kuhisi labda faili ndo bovu, mpaka nilipoprinti MB_CUR_MAX, yaani baiti nyingi kabisa ambazo herufi moja inaruhusiwa, ikatoka 1, hapo ndo nikafahamu, programu ya C ikianza inakuwa kwenye lokale (mpangilio wa lugha na herufi) inayoitwa "C", habari za UTF-8 haina mpaka uiambie wewe. Nikaongeza locale.h na mstari huu mwanzo wa main:

setlocale(LC_ALL, "");

MB_CUR_MAX ikatoka 6, nuni ikatoka 2. Nilisema alhamdulillah kwa sauti mama akaniuliza kulikoni.

Sasa kipimo changu ni herufi 20, si baiti 20:

while (herufi < 20 && (n = mblen(p, MB_CUR_MAX)) > 0) {
    herufi++;
    p += n;
}

Hiyo p ni mahali tulipofika kwenye maandishi, n ni jibu la mblen, kwa hiyo p inaruka herufi nzima, haiangukii katikati. Nafasi ya kuhifadhi nimeweka baiti 81, kwa sababu, ingawa MB_CUR_MAX ilitoka 6, tangu 2003 herufi ya UTF-8 haizidi baiti 4, kwa hiyo 20 mara 4 na baiti moja ya kufungia maandishi. Lakini angalia sana n ikishatoka kwenye mzunguko: 0 ni maandishi yamekwisha, -1 ni pana baiti mbovu, ukizichanganya hizi utapoteza majina ya watu bila kujua. Mimi ikitoka -1 naprinti namba ya mstari niende nikaurekebishe kwa mkono.

Lililobaki ni irabu. Fatha, kasra, dhamma, kila moja mblen inaihesabu herufi mbali yenye baiti 2, kwa hiyo jina lenye irabu zote linakula nafasi karibu mara mbili, na ukilikata unaweza kuiacha herufi bila irabu yake. Majina hayo nimeyapa herufi 40. Jumamosi nilipeleka karatasi mpya, maalim kaibandika pale mlangoni watoto wanapovulia viatu.