Nne ya Fundi Saa

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa na kanuni moja aliyotuimbisha mpaka ikaganda kichwani: mdogo akitangulia anapunguza, mdogo akifuata anaongeza. Ndivyo alivyotufundisha namba za Kirumi. Hakuanza na maelezo marefu. Aliandika herufi saba ubaoni, I, V, X, L, C, D na M, chini yake akapanga 1, 5, 10, 50, 100, 500 na 1000, akapangusa mikono na kutugeukia kana kwamba kipindi kimekwisha. Sisi tulikuwa tumetoka kuteswa na sehemu, kiasi juu na asili chini, kwa hiyo herufi saba tulizozijua tangu tunaanza kusoma tuliziona kama mapumziko.

Mapumziko yenyewe yaliishia kwenye nne. Hadi tatu kazi ni kuchora vijiti: I, II, III. Mkono wangu ulishaanza kijiti cha nne, na nadhani wa darasa zima pia, Mwalimu alipopiga ubao kwa chaki. Alama moja hairudiwi zaidi ya mara tatu. Nne ni tano iliyopungukiwa moja, basi I itangulie V: IV. Tisa vivyo hivyo, IX. 40 ni XL, 90 ni XC, 400 ni CD, 900 ni CM. Hapo ndipo wimbo ulipoanza kufanya kazi.

Yakafuata masharti. V, L na D hazirudiwi kamwe, wala hazisimami mbele ya mkubwa ili kumpunguza. I inapunguza V na X tu. X inapunguza L na C tu. C inapunguza D na M tu. Hilo ndilo lililotutoa jasho. Mwenzangu wa dawati aliitwa ubaoni kuandika 49, akaandika IL: hamsini kasoro moja. Kwa wimbo wetu alikuwa sahihi kabisa, na alirudi kukaa akitabasamu. Mwalimu akaifuta. Kwanza unaandika arobaini, XL, kisha tisa, IX, unapata XLIX. Na 99 si IC, ni XCIX. Maelfu kwa zamu yao, mamia kwa zamu yao, makumi, halafu mamoja. Hakuna kuruka foleni. Mwenzangu aliona ameonewa, na mpaka leo sioni kwamba alikosa hoja.

Mimi nilizipenda mno zile kanuni. Nilikuwa mtoto wa kupenda mambo yenye mipaka, na daftari langu likajaa vema za wino mwekundu. Nikaanza kuandika kila kitu kwa Kirumi: kurasa za daftari, miaka, namba za viatu. Niligundua peke yangu, bila kuambiwa na mtu, kwamba 1888 ndio mwaka mrefu kuliko yote tuliyokwisha kuipita, MDCCCLXXXVIII, herufi 13, wakati 2000 ni MM basi. Mtu wa hivyo ukimwambia kanuni ina nafasi ya pili, hakuelewi kwa urahisi.

Ndipo nikaenda kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi saa. Siku hiyo mezani kwake palikuwa na saa kubwa ya ukutani iliyoingia maji. Mtambo ulikuwa umeshapona na unapiga vizuri, lakini uso wake, ambao ulikuwa wa karatasi ngumu, ulivimba na namba zikafutika. Alikuwa amekata karatasi mpya nyeupe, akachora duara kwa bikari, akaligawa kwa kipimapembe nyuzi 30 kwa nyuzi 30, alama 12 za penseli. Zilibaki namba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Shuleni mmeshafika namba za Kirumi?"

Nikajibu ndiyo kwa sauti ya mtu aliyesubiri swali hilo maisha yake yote. Akanisogezea kipande cha karatasi chakavu na penseli, niandike moja hadi kumi na mbili. Nikaandika haraka, bila kufikiri, na kumrudishia. Akapitisha kidole juu ya orodha, kidole kikasimama.

"Nne hii umeitoa wapi?"

"Kwa Mwalimu."

"Kwa mwalimu ni sawa. Hapa nataka vijiti vinne."

Nilidhani ananijaribu. Nikamwimbia kanuni. Akasikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa, kisha akarudia kwamba anataka vijiti vinne. Nikatoa daftari kwenye begi na kumwonyesha IV yenye vema nyekundu. Akaitazama kwa heshima zote, akasema mwalimu wangu anafundisha vizuri, na kwamba kwenye saa nne ni IIII.

Mama alinilea nisibishane na wakubwa, lakini hapa nilikuwa na mkubwa mwingine upande wangu, tena mwenye chaki. Nikamwambia haiwezekani alama irudiwe mara nne. Mjomba hakukasirika. Akavuta droo ya chini, ile iliyojaa mabaki ya saa zilizokufa, akatoa nyuso za saa moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani: za bati, za enameli yenye nyufa, za karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Karibu zote zilikuwa na IIII. Nilizipitia moja moja nikitafuta msaada, nikaupata kwenye uso mdogo uliokuwa na IV.

"Hii hapa!"

"Ipo," akasema. "Hata ile saa kubwa ya mnara wa Bunge, London, ina IV. Sijasema hazipo. Nimesema mimi nataka IIII. Sasa uliza kwa nini."

Saa hiyo ya London ilianza kufanya kazi mwaka 1859, na ni kweli, nyuso zake zina IV. Nilikuja kuziangalia kwenye picha miaka mingi baadaye, na hata hapo nilijisikia kushinda kidogo. Lakini siku ile niliuliza kwa nini, na mjomba akafurahi kuulizwa.

Kwanza akachukua uso mmoja akauinamisha. Namba za Kirumi kwenye saa, akasema, miguu yake inaelekea katikati. Zilizo juu zimesimama wima, lakini kadiri unavyoshuka zinalala, na za chini kabisa zimepindukia kichwa chini. VI inasomwa kichwa chini. IV nayo iko hapo karibu, imeinama zaidi ya nusu. Mtu akitupa jicho kutoka mbali, V na I kwa hii, I na V kwa ile, zote zimegeuka, anaweza kuzichanganya. IIII haichanganywi na kitu.

Kisha akanitaka niangalie uzito. Sikuelewa neno hilo lina kazi gani kwenye maandishi. Akaweka rula katikati ya uso, kutoka XII hadi VI, na kunionyesha kwamba kila namba ina mwenzake ng'ambo: I na XI, II na X, III na IX, V na VII. Mwenzake nne ni nane. Nane ni VIII, herufi nne, wino mwingi. Ukiweka IV upande wa pili, huku kumejaa na kule kumepwaya, na jicho linahisi uso umeegemea kushoto hata kama mtu hajui kinachomsumbua. Nilifumba jicho moja nikatazama. Kweli uliegemea. Au labda nilikuwa nimeshaanza kushawishika.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Alisema zamani nyuso za saa kubwa ziliwekewa namba za chuma, herufi zinamiminwa kwenye kalibu kisha zinapachikwa. Akaniambia nihesabu herufi zote za saa yenye IIII. Nikahesabu kwa penseli, nikikata kila niliyoipita. I zilikuwa 20. V zilikuwa 4. X zilikuwa 4.

"Sasa hesabu za saa ya mwalimu wako."

I zilikuwa 17, V 5, X 4.

"Fundi anataka kalibu moja," akasema. "Ichonge iwe na V moja, X moja na I tano. Mimina mara nne, saa imekamilika, hakuna herufi inayobaki wala inayopungua. Hiyo ya 17 na 5 utaimiminaje?"

Nikakaa kimya. Akaongeza, kana kwamba hiyo ilikuwa haitoshi, kwamba ukitazama tena utaona namba nne za kwanza zina I tupu, nne zinazofuata zote zina V, na nne za mwisho zote zina X. Weka IV, na mpango wote unavurugika. Nilizihesabu tena mara kadhaa, nikitumaini 20 itageuka kuwa 19. Kanuni ya Mwalimu ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na kitu kizuri kama kile.

Nikaandika uso wa saa. Mjomba alinishikisha brashi nyembamba na kunionya kwamba mistari minene ichorwe kabla ya ile myembamba, na kwamba karatasi ndiyo izungushwe, si mkono. XII ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Nilipofika nne nilichora vijiti vinne kwa uangalifu wa mtu anayevunja sheria mbele ya askari.

Siku iliyofuata ya hisabati nilimpelekea Mwalimu jambo hilo, nikitarajia ugomvi. Hakugomba. Akachora duara ubaoni, akanipa chaki, akakaa yeye kwenye dawati langu. Nikaeleza kalibu. Darasa likahesabu kwa sauti hadi 20. Mwenzangu wa dawati, yule wa IL, akauliza kama basi na yeye anaweza kurudishiwa alama yake. Mwalimu akasema hapana, na kwamba kwenye mtihani nne ni IV, mwenye kutaka IIII akawe fundi saa.

Nilikuja kugundua ukubwani kwamba Warumi wenyewe hawakuwa na ukali wa Mwalimu. Kwenye ukumbi mkubwa wa michezo wa Colosseum, ule uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, milango ilipewa namba, na mlango wa 44 umechongwa XLIIII. Mtu yuleyule alipunguza kwenye arobaini na kuongeza kwenye nne, ndani ya namba moja, na hakuna aliyemfutia. Kuna pia jiwe la kumbukumbu la akida wa jeshi la Kirumi, Marcus Caelius, aliyekufa mwaka 9 katika vita vya msitu wa Teutoburg, ambalo sasa limehifadhiwa Bonn, Ujerumani. Kikosi chake, cha 18, kimeandikwa XIIX: ishirini kasoro mbili. Umri wake ni LIII S, na ile S ni nusu. Miaka 53 na nusu. Sisi hatukuwahi kufundishwa S hiyo, na naamini mwenzangu angeipenda. Usafi wa kanuni tulizoimba ulikuja kutiliwa mkazo na watu wa baadaye, waliozitumia namba hizo kuandikia sura za vitabu na majina ya wafalme. Warumi walipotaka kupiga hesabu yenyewe walihamisha kokoto kwenye abakasi, yaani ubao wa kuhesabia, kisha wakaandika jibu. Ukitaka kujua sababu, jaribu kuzidisha XLVIII kwa VII bila kutoroka kupitia tarakimu zetu.

Mwenye saa alikuja kuichukua nikiwepo. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye miwani mfukoni, na alipoivaa kitu cha kwanza alichokiona ni nne.

"Fundi, hapa mmekosea."

Mjomba hakuinua kichwa kwenye kazi yake. "Mwulize aliyeandika."

Nikamwambia, shikamoo babu, tafadhali hesabu I zote. Akanitazama, akamtazama mjomba, akaanza. Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza, akapotea kwenye VIII na kurudia mwanzo. Ishirini. V? Nne. X? Nne. Nikamweleza kalibu, kumimina mara nne, hakuna herufi inayobaki. Alivua miwani, akacheka, akaifunga saa yake kwenye kitambaa na kuiweka kwapani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na kwa nini basi tisa hamkuandika VIIII?"

Mjomba akaweka bisibisi chini na kunitazama mimi.

"Kwa sababu, babu, nne za mwisho zote lazima ziwe na X," nikaanza, naye akarudi hadi mezani na kuifungua saa upya.