Siku yangu moja na waya wa tatu

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Naishi Chicago, nasambaza mikate ya bekari, kwa hiyo muda wangu wa gita ni huu kabla ya kazi. Ampli, kile kipaza sauti cha gita, siwashi, majirani wamelala. Naweka kidole cha pete freti ya saba (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita) waya wa tatu, hapo ni noti ya D, navuta waya kwa pembeni mpaka sauti ipande kuwa E, alafu nahakiki kwa waya wa pili freti ya tano, hiyo ndo E yenyewe. Bado, yangu iko chini kidogo, na hako kadogo kanaharibu solo nzima.

Saa moja barabarani. Mikate, ngazi, sahihi, ngazi tena.

Saa sita na nusu nimepaki South Michigan Avenue, karibu na namba 2120 ilipokuwa studio ya Chess iliyorekodi bluzi, nakula. Muddy Waters, mwanabluzi, alitoka Mississippi 1943 akaja mji huu akashika gita la umeme, na 1964 Rolling Stones, bendi ya Uingereza, wakavuka bahari kuja kurekodi jengo hilihili. Kila nikilipita moyo unanienda mbio, kwa kweli.

Saa kumi na moja jioni niko kwa mwalimu, mzee wa South Side, upande wa kusini wa mji. Ananiangalia mara moja tu anasema navuta kwa kidole, wakati nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono, yaani unasokota kama unafungua kitasa, dole gumba limeshika shingo ya gita kwa juu, na vidole viwili vya nyuma vinasukuma pamoja na kile cha pete. Alafu akanipa C, freti ya tano waya uleule, niisukume kidogo tu isifike C-shapu, noti inayofuata juu yake, ibaki katikati. Bluzi inakaa hapo bwana! Nikakumbuka udi wa taarabu kwetu Tanga, hauna freti kabisa, wale wazee sauti za katikati walikuwa wanazipata kwa kutelezesha kidole tu.

Saa tatu usiku nyumbani, ncha ya kidole inawaka moto. Naimba E kwa mdomo kwanza kama mwalimu alivyoniagiza, alafu napiga nyaya zote mbili kwa pamoja huku navuta ule wa tatu, zinagombana, wawawawa, wa... wa... mgongano unapungua kasi, ukatulia, ikawa sauti moja. Nikaishikilia mpaka ikaisha yenyewe.