Mpunga wangu ulipoota vitunguu

Msimu ule jaruba langu la Misungwi, Mwanza, lilianza kuota vitunguu. Katikati ya mpunga ilichomoza mirija myeupe inayong'aa, mviringo kama jani la kitunguu, mingine inafika gotini. Bibi jirani akasema, "Ni wale wadudu wa ziwani, ng'wanawane (yaani mwanangu), upepo umewaleta." Wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi? Funza wao wanaishi kwenye tope la ziwa, mpunga wangu wanautakia nini! Muuza pembejeo naye akanipa dawa ya vipekecha shina, elfu kumi na ushee. Nikapuliza bure, maana mwenye makosa kajifungia ndani ya mrija.

Tena kipekecha shina huwezi kumkosea: jani la katikati linakauka, ukilivuta linatoka lenyewe. Mimi nilipasua mrija kwa wembe hadi chini, nikamkuta funza mmoja, mdogo kuliko punje ya mchele.

Sasa nikataka kumwona akiwa na mabawa. Mirija kumi kwenye chupa ya asali, kifuniko nikakaza: ukungu na harufu. Nikarudia bila kifuniko, ikanyauka yote. Mara ya tatu nikang'oa shina zima na tope lake, nikalitia kwenye ndoo ya rangi, nikafunika kwa chandarua (mama watoto mpaka leo anakiulizia). Usiku nikakesha na tochi ya simu. Pupa, yaani funza aliyekwisha kujigeuza, alipanda mrijani hadi karibu na ncha, akatoboa tundu, akachomoza nusu ya mwili, akapasuka mgongoni. Akatoka kijidudu kama mbu, miguu mirefu, ganda likabaki limenasa tunduni. Nilipiga kigelegele, mwanaume mzima! Ukiona ganda hilo usihangaike na wembe, ameshaondoka.

Mrija mmoja ulitoa kundi la vinyigu vyeusi vidogo mno. Nikadhani nimekosea, nikafuta kwa hasira jina la mdudu wangu nililoandika daftarini, kumbe vile ndivyo vinavyomla funza wetu. Nikaliandika upya, jina la kitaalamu la yule kijidudu wa mirija: Orseolia oryzivora. Lilitolewa 1982 tu, kabla ya hapo hata wataalamu walimchanganya na ndugu yake wa Asia, kwa hiyo msinicheke.

Naandika tarehe, jaruba, machipukizi mangapi yana mirija kati ya mangapi, na picha yenye sarafu ya mia mbili pembeni. Chipukizi lenye mrija halitoi suke, kwa hiyo hesabu hiyo inauma.

Juzi, kabla sijasia mbegu, nimekuta mirija mitatu kwenye mpunga mwitu wa mtaroni. Bibi akaniona nimeinama. "Vitunguu tena?"

"Tena, bibi."